Mjomba wa Kila Mtoto

Juu ya Litein, upande ambao mashamba ya chai yanaanza kupanda kuelekea Kericho, palikuwa na nyumba ndefu ya mabati ambayo watu waliiita kwa Wilkista. Jina lake la haki lilikuwa Nyumba ya Neema, na Wilkista hakuwa mkubwa wake. Mkubwa alikuwa Mwalimu Ephantus, mtu wa Nyeri, mpole, mwenye tai moja na maombi marefu. Wilkista alikuwa mpishi tu. Lakini mgeni akiuliza njia, aliambiwa apande mpaka asikie mwanamke akigombeza mtu, na akishasikia, amefika.

Nyumba hiyo ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya thelathini na Wakristo waliofanya kazi katika mashamba hayo. Walikuwa wametoka ziwani kwa Wajaluo, Kisii na Nyeri kutafuta mshahara, na homa ilipopita katika kambi za wafanyakazi iliacha watoto wasio na wa kuwaita. Iliacha wazee pia, watu waliokata msitu wakapanda miche ya kwanza, kisha macho au miguu ikawaishia kabla hawajapata nauli ya kurudi kwao. Wote wakakusanywa kilimani. Chama cha akina mama kikaleta mablanketi, mwenye duka akaleta unga, na Lazarus, mume wa Wilkista, aliyekuwa fundi wa masanduku ya chai kiwandani, akatoa sadaka ya milango.

Lazarus hakuwa mtu wa maneno. Maneno yake aliyaweka katika mbao. Kila mlango wa Nyumba ya Neema aliupiga randa mpaka ukawa laini kama shavu, akautia bawaba zilizofunguka bila kulia, na Jumapili baada ya ibada alipenda kuzunguka akiifungua milango hiyo na kuifunga taratibu, kama mtu anayetembelea ng'ombe wake.

Wilkista alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuvusha mto, na alijua kuchapa mwiko ukutani kwa namna ambayo watoto walielewa kama lugha. Mwanawe wa pekee, Okello, alikuwa mtu mzima, yuko kazini Kisumu, kwa hiyo mapenzi yote ya mama yaliyobaki bila mwenyewe aliyamwaga pale kilimani. Aliwaosha watoto kwa nguvu. Aliwalisha kwa nguvu zaidi. Na kati ya wote, hakuna aliyempa taabu na furaha kama wawili waliokuwa hawaachani: mzee Nyang'au na msichana Bochaberi.

Nyang'au alikuwa kipofu, na hasira zake zilikuwa za mtu anayeona vizuri. Alilalamikia uji, baridi, wimbo wa asubuhi na jinsi Mwalimu Ephantus alivyokohoa. Bochaberi, mtoto wa miaka tisa au kumi, alimshikia ncha ya fimbo na kumtembeza kila mahali, akimsimulia kwa Kikisii yaliyokuwa yakitokea. Wengi walishuku kwamba alitia chumvi. Siku moja mzee alirudi akiwa na hakika kwamba mke wa mwenye duka amenunua kofia yenye kuku juu yake, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo.

Ndipo Joab akaja.

Alikuja na baiskeli, koti la vifungo safu mbili, nywele zilizopakwa mafuta yenye harufu ya mdalasini, na mkoba wa sukari guru. Alisema yeye ni mfanyabiashara wa ngozi huko Mulot na kwamba Mungu amemwekea mzigo wa yatima moyoni. Mwalimu Ephantus, ambaye wageni wake wa kawaida walikuwa watu wa kuomba msaada, alifurahi hadi akasahau kufupisha maombi. Wilkista naye hakuwa nyuma. Joab alikuwa mtu wa ziwani, alimwamkia kwa Kijaluo safi, akamuulizia kijiji chake, akamsifu samaki mkavu aliyempikia. Kwa miezi mingi Wilkista hakuwa amesifiwa kwa lugha ya mama yake. Alimtilia maziwa mengi katika chai, na alipomwona anaaga akamwongezea.

Joab aliomba jambo moja dogo tu. Alitaka kuzungumza na watoto mmoja mmoja, ofisini, mlango ukiwa umefungwa, maana mtoto, alisema, hafungui moyo mbele ya kundi. Mwalimu aliona hiyo ni hekima. Watoto waliingia, wakatoka wakilamba vidole.

Ziara ya tatu, Joab alitoka ofisini akifuta macho. Alitangaza kwamba Bochaberi ni mtoto wa marehemu dada yake, aliyeolewa Kisii wakapotezana. Msichana alipoulizwa mbele ya watu, aliangalia chini akasema ndiyo, huyu ni mjomba. Mwalimu Ephantus akaomba kwa muda mrefu wa ajabu. Wilkista mwenyewe alifunga vitu vya mtoto katika kanga ndogo, akampakia nyuma ya baiskeli, akalia machozi ya furaha hadi walipopotea chini ya kilima.

Nyang'au hakulia wala hakuaga. Alikaa kwenye benchi lake, fimbo magotini, na kwa mara ya kwanza akanywa uji bila neno. Wilkista aliona hilo likamchoma kuliko matusi. Alimpa mtoto mwingine wa kumwongoza, Amolo, kijana mwema lakini ambaye alisahau anaongoza mtu kila alipomwona panzi. Siku ya kwanza alimwacha mzee katikati ya miche ya chai. Siku ya pili alimwacha ndani ya mtaro, na wachumaji walipomtoa walimkuta amekaa ametulia, akisema kwamba hapa angalau hakuna anayeimba.

Jioni hiyo, Wilkista akimwosha miguu matope, mzee alimuuliza kama Bochaberi alicheka alipokuwa akienda.

"Hakucheka," Wilkista akasema. "Alinyamaza."

"Hiyo mtoto haijawahi kunyamaza," Nyang'au akasema. "Mimi ndio najua. Mimi ndio naumia masikio."

Wilkista alikaa na neno hilo, akajiambia ni wivu wa mzee. Lakini lilimkaa kama mfupa wa samaki.

Wiki chache baadaye Joab alirudi na mkoba wake. Wilkista alikuwa akifua nyuma ya nyumba pamoja na wasichana wawili wadogo, Loice na Nyaberi. Loice alizaliwa kwa Wajaluo, Nyaberi kwa Wakisii, na walikuwa wameshindana tangu siku ya kwanza kwa kila kitu, hata kwa kidonda. Loice alianza kujigamba kwamba yeye sasa amepata mjomba. Nyaberi akasema hata yeye amepata. Wilkista, akikamua shuka, akawauliza wajomba hao wako wapi. Loice akasema wake ana baiskeli. Nyaberi akasema wake pia ana baiskeli, na ana koti. Wakatazamana kwa uadui, ikawadhihirikia kwamba wanagombania mjomba mmoja.

"Alituambia tusiseme mpaka yeye aseme," Loice akaongeza, akafunika mdomo.

Shuka ilianguka matopeni. Wilkista hakuiokota. Alikuwa akiwahesabu dada za Joab: mmoja Kisii, mwingine Kisii tena, mwingine ziwani, wote wamekufa, kila mmoja ameacha msichana mwenye umri wa kubeba mtoto mgongoni.

Alimwendea Mwalimu Ephantus, aliyekuwa kwenye bustani ya kabichi. Mwalimu alisikiliza kwa upole na kusema huenda watoto hawakuelewa, kwamba Bwana Joab ni mtu wa heshima, na kwamba kumshuku mfadhili kunaweza kuvunja moyo wa wafadhili wengine. Wilkista akamuuliza kama aliwahi kumuuliza Joab jina la huyo dada, au kuuliza mtu yeyote wa Mulot habari zake. Mwalimu aliitazama kabichi. Hakuwa ameuliza. Ilikuwa imeonekana kama utovu wa adabu.

"Na sasa yuko wapi?" Wilkista akauliza.

Alikuwa ofisini, na Loice alikuwa ameitwa, na mlango ulikuwa umefungwa.

Bahati ilitaka Lazarus awe pale, amekuja kurekebisha mguu wa benchi. Mkewe alipomwambia alete bisibisi akang'oe mlango wa ofisi, alidhani hakusikia. Alimkumbusha kwa sauti ya chini kwamba mlango ule ni wa mkangazi, mbao ya thamani. Wilkista akamwambia kwamba anajua ni wa nini, alete bisibisi. Lazarus alikuwa ameoa muda mrefu. Alipiga magoti, akaanza na bawaba ya chini, akitoa skrubu moja baada ya nyingine na kuzitia mdomoni, huku watoto, wazee na Mwalimu Ephantus mwenye kabichi mkononi wakisimama nyuma yake kama watu walio mazishini.

Ndani, sauti ya Joab iliendelea kwa utamu. Ilikuwa ikisema kwamba ukiulizwa, utasema mama alikuwa akikuambia habari zangu. Kisha mlango ukatoka wote, ukamwangukia Lazarus kifuani, na Joab akaonekana amekaa kwenye kiti cha Mwalimu, kipande cha sukari guru kikiwa hewani katikati yake na mtoto.

Lazarus alitaka kusema kitu. Hakuweza, kwa skrubu zilizokuwa mdomoni.

"Karibu utuambie na sisi," Wilkista akasema. "Dada yako, mama ya huyu Loice, aliitwa nani?"

Joab alikuwa mwepesi. Alisema aliitwa Maria. Nyaberi, kutoka nyuma ya sketi ya Wilkista, akasema kwa huzuni kwamba aliambiwa wake ndiye Maria. Wilkista akamuuliza Joab mama ya Bochaberi naye aliitwa nani, na Joab akaanza kueleza kwamba katika imani wote ni dada. Hapo hata Mwalimu Ephantus akaweka kabichi chini.

Joab aliondoka kwa heshima mpaka alipofika kwenye baiskeli. Baada ya hapo aliondoka bila heshima, na katika kona ya chini mkoba ulifunguka, na watoto wakaila sukari ile kutoka barabarani kabla Wilkista hajawafikia.

Usiku haukumletea Wilkista usingizi, na asubuhi hakumngoja mtu. Alimwambia Mwalimu kwamba anakwenda Mulot kumchukua Bochaberi. Mwalimu, ambaye macho yake yalikuwa mekundu, akasema wataenda pamoja, kwa kuwa yeye ndiye aliyemtoa. Alivaa tai. Nyang'au naye alikuwa tayari amekaa kwenye ukingo wa barabara, kofia kichwani, hakuna aliyejua amefikaje. Walipomwambia Mulot ni mbali, abaki tu wao wamwendee mtoto, alisema kwamba mtoto akimwona Mwalimu atadhani anauzwa tena. Lazarus aliachiwa nyumba yote na sufuria zake, akabaki amesimama katikati ya watoto kama mtu aliyeachwa majini.

Walipata lori lililobeba unga kupitia Sotik. Mzee aliketishwa mbele, karibu na dereva, akaulalamikia uendeshaji wake njia nzima. Wengine wawili walipanda juu ya magunia, na walipofika Mulot Mwalimu Ephantus alikuwa mweupe kutoka tai hadi viatu.

Duka la ngozi halikuwa gumu kupata. Pua iliwapeleka. Mbele yake alikaa mwanamke kijana akichagua maharagwe, Dorcus, mke wa Joab. Na nyuma ya nyumba, akiwa na mtoto mchanga mgongoni na mwingine mkononi, akisukuma ndama kwa mguu, alikuwa Bochaberi.

Dorcus aliwakaribisha vizuri. Alidhani wamekuja kununua ngozi. Wilkista akasema wamekuja kumwona mpwa wa mumewe.

"Mpwa gani?" Dorcus akauliza.

Wilkista akamwonyesha kwa kidevu. Dorcus akasema yule ni msichana wa kazi, mume wake alimtoa kwa watu walioshindwa naye. Wilkista akamweleza pole pole kwamba alitolewa kwa watu waliompenda, kwa sababu Joab alisema ni mtoto wa dada yake.

Dorcus aliweka ungo chini. Alikaa akifikiri kwa haki kabisa, akipitia ukoo wote wa mumewe kichwani.

"Mama mkwe alizaa wavulana watupu," akasema. "Huyo mwanamume hana dada. Hata wa kambo hana. Siku ya harusi yetu ilibidi tukodishe shangazi."

Akainuka, akamwita mume wake kwa jina lake lote. Hakuna aliyejibu. Dorcus akasema alikuwa hapa sasa hivi, chai yake bado moto. Wakatazama ndani, wakatazama barabarani. Nyang'au, aliyesimama karibu na ghala la ngozi, akanusa mara moja, akanusa tena, kisha akatumbukiza fimbo katikati ya rundo la ngozi za ng'ombe na kuisukuma.

"Hii moja imepakwa mdalasini," akasema.

Joab akatoka chini ya ngozi ya tatu, chumvi kwenye nyusi. Yale aliyoelezwa na mkewe hapo hayakuwa ya kusikiwa na mwalimu wa dini, na Mwalimu Ephantus aliyasikia yote. Hakuomba. Aliuliza, kwa sauti ambayo Wilkista hakuwahi kuisikia, kama kuna watoto wengine. Dorcus akasema wapo wavulana wawili malishoni, waliotoka upande wa Siongiroi, na kwamba hao nao aliambiwa ni wa kupotea.

Bochaberi hakuwakimbilia. Alisimama mahali pake kwa muda, akiwatazama mmoja mmoja, hasa Mwalimu. Kisha akamfungua mtoto mchanga mgongoni, akampa Dorcus, akaenda akashika ncha ya fimbo.

"Babu, umekonda," akamwambia kwa Kikisii.

"Nimetembezwa na panzi," Nyang'au akasema, na uso wake ukakunjamana mpaka ikabidi ageukie ngozi.

Wilkista alipiga magoti vumbini mbele ya msichana. Alimwambia kwamba alipaswa kumuuliza, wao wawili peke yao na bila mtu wa sukari karibu, na hakumuuliza, na kosa hilo si la mtoto. Bochaberi alisema aliogopa, kwa sababu mjomba alimwambia akikataa watamfukuza Babu. Wilkista alimfuta pua kwa nguvu zake zote za kawaida, na mtoto, kwa kuumia, ndipo akaanza kulia vizuri.

Mwalimu Ephantus alibaki Mulot siku mbili, akaipeleka kesi mbele ya baraza la chifu. Wenyeji walisema baadaye kwamba hawakujua mtu mpole anaweza kuwa msumbufu hivyo. Chifu, mtu wa Kipsigis aliyependa hukumu fupi, hakumfunga Joab. Aliamuru wavulana wale warudishwe Siongiroi, na kwamba watapanda baiskeli, na Joab ataisukuma. Watu walitoka nje ya nyumba zao njia nzima kumwangalia. Inasemekana wavulana walimwomba asimame mara nyingi, bila sababu.

Kilimani, Lazarus alipatikana hai. Nyumba ilikuwa imekula viazi vya kuungua tangu waondoke, na aliposikia lori alikuja mbio, akidhani kwamba sasa mambo yametulia na mlango wake utarudi. Wilkista alimwambia arudishe, ila nusu. Milango yote ya nyumba ile, ofisi, chumba cha wagonjwa, chumba cha maombi, ikatwe sehemu ya juu, ili mtu yeyote anayepita aone anayezungumza na mtoto au mzee. Lazarus alichukua msumeno, akaenda kukaa nao kwenye benchi mpaka jua likaelekea kuzama. Kisha akaikata. Alizisugua kingo zake kwa msasa hata ikawa mizuri kuliko mwanzo, lakini kwa mwezi mzima alimwita mkewe "mama" tu, bila Okello.

Chama cha akina mama kiliitisha mkutano. Mwenyekiti wao, Bilhah, mke wa mwenye duka, mwanamke mkarimu na mwenye kofia, alisema upepo utaua wazee na kwamba wageni watajiona wanashukiwa. Mwalimu Ephantus akasimama, akasema aanze kushukiwa yeye. Hapo likawa sheria: mtu haondoki na mtoto kabla ya kuulizwa kwao, na kabla mtoto hajaulizwa akiwa na mtu anayemwamini, na hakuna mgeni, awe na mkoba wa nini, anayekaa peke yake na mtoto wala mzee. Bilhah mwenyewe alifika siku moja ya mvua Wilkista akiwa kisimani, akamkuta Amolo mlangoni, na Amolo akamweleza kwamba hawezi kuingia mpaka mtu mzima wa nyumba arudi. Aliloa na kofia yake. Alikasirika hadi Jumapili, kisha akaenda kuwaambia wenzake kanisani kwamba watu wa kilimani si watu wa mchezo, na baada ya hapo mablanketi yakaongezeka.

Taabu ilikuja siku alipofika mjomba wa kweli.

Alikuwa mtu mwembamba kutoka Kisii, miguu mitupu, akimtafuta Nyaberi. Hakuwa na baiskeli wala sukari. Wilkista alimkalisha kwenye benchi kuanzia asubuhi. Alimuuliza jina la dada yake, la mume wa dada, hata majina ya ng'ombe waliolipwa mahari. Akamkabidhi mtoto mwenye tumbo la kuendesha aone atamshikaje. Akamweka na Nyang'au ambaye alimhoji kwa Kikisii mpaka jasho likamtoka. Mtu yule alijibu yote, akafua nguo ya mtoto bila kuambiwa. Hata hivyo Wilkista akamwambia arudi na watu wanaojulikana. Aliondoka ameinamisha kichwa, na nyumba nzima ikamwona Wilkista kuwa mkatili, Lazarus akiwemo.

Alirudi siku ya tano akiwa na ukoo. Walipanda kilima kwa mstari mrefu, akina shangazi, binamu, mzee wa kanisa lao, na mbele ya wote bibi aliyebebwa kwenye kiti. Nyaberi alikuwa akila. Alimwona bibi yule, akaacha sahani hewani, akapaza sauti kwa jina ambalo hakuna aliyekuwa amelisikia pale, akakimbia.

Walikula kila kitu kilichokuwa nyumbani, na unga wa kesho. Bibi alilia, Bilhah akalia, Loice alilia zaidi ya wote kwa sababu ameshindwa tena, na Wilkista akasema ni moshi wa jikoni. Walipoanza kujikusanya waondoke, alisimama njiani mikono kiunoni, akawaambia kwamba mtoto wamempata na Mungu awabariki, lakini hakuna mtu wa ukoo huo atakayeshuka kilima hicho kabla hajaosha sahani yake.

Wakaosha.